Tiketi ya Ulaya kwa likizo kubwa: inunuliwe lini ikiwa viza haijatoka?

*"Baba mtaalamu, jambo. Tunaishi Kampemba, hapa Lubumbashi. Mdogo wangu wa Liège, Ubelgiji, anamwoza binti yake Jumamosi ya kwanza ya Agosti, na ametualika mimi, mume wangu na mtoto wetu wa miaka 9. Tungependa kuondoka katikati ya Julai, mume wangu atakapokuwa na konje (likizo ya kazi), turudi kabla ya shule kufunguliwa Septemba. Sasa ni Februari na kila mtu ananiambia lake. Jirani anasema ninunue leo kwa sababu bei inapanda kila siku. Shemeji anasema nisubiri Juni, kampuni zikiona viti vitupu zitashusha. Mwanangu mkubwa anasema ninunue Jumanne usiku wa manane, tena nifute kumbukumbu za simu ili kampuni isijue kwamba nimeshaangalia. Ajansi moja ya safari mjini inataka nilipe zote sasa, eti bila tiketi hakuna viza. Wengine wananishauri nikapandie ndege Ndola, kule Zambia, ni bei nafuu. Akiba yetu ni hii moja, ikipotea hakuna nyingine. Ninunue lini?"*

Mama, hongera kwa harusi ya binti yenu, na asante kwa kueleza yote wazi, hata hali ya akiba. Katika swali lako naona hofu mbili zimefungwa pamoja. Ya kwanza ni bei: ukichelewa, itapanda. Ya pili ni viza: ukiwahi kulipa halafu konsulati ikakataa, pesa imekwenda. Wote waliokushauri wameishika ile ya kwanza peke yake. Kwa mtu wa Brussels anayekwenda kupumzika Hispania hiyo inatosha, kwa sababu hana viza ya kungoja. Kwetu sisi, siku ya kununua tiketi inapangwa na viza kwanza, bei inafuata nyuma.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Faili ya viza iingie mapema, mwezi huu au ujao. Ajansi ikushikie nafasi kwa ajili ya faili, bila kutoa tiketi. Siku viza inapobandikwa kwenye paspoti, nunua siku hiyo hiyo au kesho yake, usikae kungoja bei ishuke. Ukijipanga, siku hiyo itaangukia kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Mei, na kwa safari ya katikati ya Julai hicho ni kipindi kizuri. Mwisho wa Mei usikukute bila tiketi. Sasa nikueleze sababu zake, ili hata mipango ikigeuka uweze kujiamulia mwenyewe.

Nianze na ile ajansi, maana hapo ndipo akiba yako inapoweza kuishia. "Bila tiketi hakuna viza" si kweli. Faili ya viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ubelgiji ikiwemo, inataka uthibitisho kwamba mmepanga safari ya kwenda na kurudi, na kwa hilo rezervasio inatosha: nafasi imeshikwa, majina yapo, tarehe zipo, tiketi haijalipwa. Konsulati nyingi zenyewe huwaambia waombaji wasinunue kabla ya kupata uamuzi. Ajansi inayojua kazi yake itakutolea karatasi hiyo, pengine kwa ada ndogo. Ila ujue jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: rezervasio haifungi bei. Kampuni ya ndege huipa muda, mara nyingi siku chache tu, na muda ukipita bila malipo, kompyuta inaifuta. Kwa hiyo iombe karibu na siku yako ya kupeleka faili, na usilale ukidhani ile bei iliyoandikwa pale inakungoja hadi Mei.

Upande wa viza, tarehe zenyewe ziko upande wako. Sheria ya Schengen inakuruhusu kupeleka ombi kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na inataka lisiingie chini ya siku 15 kabla. Kwa safari ya katikati ya Julai, mlango umeshafunguka tangu katikati ya Januari. Uamuzi kwa kawaida unapaswa kutoka ndani ya siku 15 tangu ombi lipokewe, lakini sheria inaruhusu kufika siku 45 faili ikihitaji kuchunguzwa zaidi. Usipige hesabu kwa siku 15. Piga kwa 45, na uongeze majuma ya kungoja miadi, kwa sababu kuanzia Aprili watu wote wenye harusi, ubatizo na matibabu Ulaya wanagombania miadi hiyo hiyo. Faili iliyoingia Machi, hata ikivutwa siku zote 45, jibu lake linafika kabla ya katikati ya Mei. Iliyoingia mwisho wa Mei inaweza kukuletea viza wiki ya safari, wakati viti vya bei ndogo vimeshakwisha zamani.

Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa umri wa wenu, jumla euro 225, na hairudishwi mkikataliwa. Bima ya safari lazima ifunike angalau euro 30,000. Kabla ya yote hayo fungua paspoti tatu na uangalie tarehe: kila moja iwe na uhai wa miezi 3 zaidi baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Ikiwa ya mtoto inakaribia kuisha, hapo ndipo pa kuanzia, maana mnajua paspoti yetu inavyoweza kukawia. Na mdogo wako wa Liège aanze sasa kushughulikia karatasi ya prise en charge (ahadi ya kubeba gharama zenu) kwenye komini yake, yaani ofisi ya mji anakoishi, ikiwa ndiye atakayewagharamia. Karatasi hiyo ikichelewa huko, huku hakuna kinachosogea.

Kuna sababu nyingine ya kungoja viza, nayo ni ndogo lakini imewaumiza watu. Viza haisemi tu "ndiyo". Inasema kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, na kwa siku ngapi. Kwa viza ya kuingia mara moja, konsulati mara nyingi huongeza siku 15 kwenye kipindi cha kuitumia, ili msafiri aweze kusogeza tarehe kidogo, lakini idadi ya siku za kukaa haibadiliki, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Mtu aliyenunua tiketi ya siku 40 akapewa viza ya siku 30 analipa faini ya kubadili tarehe kabla hata hajaona ndege. Ukinunua huku stika iko mbele yako, tatizo hilo halipo.

Sasa bei yenyewe. Kwa macho yetu viti vya nyuma ya ndege ni sawa vyote. Ndani ya kompyuta ya kampuni vimegawanywa katika madaraja ya bei, na kila daraja lina herufi yake. Angalia karatasi ya rezervasio: kando ya nambari ya ndege utaona herufi moja imesimama peke yake. Hiyo ndiyo inayosema umelipa kiasi gani na una haki gani, kama tarehe inaweza kubadilishwa, kama pesa inarudi, kama unaruhusiwa kukaa mwezi mmoja au mitatu. Ndege hufunguliwa kwa mauzo karibu miezi 11 kabla ya kuruka, na tangu hapo kompyuta inalinganisha jinsi inavyojaa na jinsi ndege za tarehe kama hiyo zilivyojaa miaka iliyopita. Ikijaa upesi, madaraja ya chini yanafungwa. Ikichelewa, mojawapo linaweza kufunguliwa tena. Ndiyo maana bei haipandi kila siku kama jirani anavyosema. Inakaa pale pale, pengine wiki nzima, halafu inaruka ngazi moja kwa ghafula.

Jirani hata hivyo ana nusu ya ukweli. Kwa ndege za Julai na Agosti, ngazi za chini zina viti vichache tangu mwanzo, na safari nyingi za kutoka Luano, kiwanja chetu cha Lubumbashi, kwenda Ulaya hupitia milango michache: Addis Ababa kwa Ethiopian, Nairobi kwa Kenya Airways. Ushindani ukiwa mdogo, matumaini ya bei kushuka nayo ni madogo. Kungoja viza kuna gharama yake, sikufichi. Pengine ngazi moja itakuponyoka kati ya leo na Aprili. Nitakuonyesha chini kidogo kwa nini naona inafaa kuilipa.

Shemeji anafikiri kama sokoni. Mama wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi, akiona jioni inaingia na nyanya zake zimebaki, anashusha bei, kwa sababu kesho zitaoza. Kiti cha ndege nacho kinaoza ndege ikiondoka, hilo ni kweli. Tofauti iko kwa mnunuzi wa jioni. Anayekimbilia ndege ya Lubumbashi siku tatu kabla ni nani? Mara nyingi ni mtu wa kampuni ya madini, ameitwa kutoka Kolwezi au Likasi kwenda mkutano, na tiketi inalipwa na ofisi. Huyo hatauliza bei. Kampuni ya ndege inamjua, inamwekea viti, na inampa bei ya juu kabisa. Zaidi ya hapo, madaraja mengi ya bei ndogo yana sharti la kununuliwa siku 7, 14 au 21 kabla ya kuruka. Siku hiyo ikipita yanafungwa, hata kama viti vimebaki. Kusubiri Juni kwa ajili ya safari ya Julai, na watu watatu, na harusi isiyosogezwa, ndilo shauri baya kuliko yote uliyopewa. Mwambie shemeji kwa upole.

Habari ya Jumanne usiku ilitoka Marekani, zamani kampuni za huko zilipokuwa zikitangaza punguzo mwanzoni mwa wiki na washindani kuzifuata siku ya pili. Siku hizi bei zinatumwa kwenye mitambo mara nyingi kwa siku, saa zote. Siku ya kununua haina uzito. Siku ya kuruka ndiyo yenye uzito: katikati ya wiki kwa kawaida ni nafuu kuliko Ijumaa hadi Jumapili, kwa hiyo ukiulizia Julai 15 uliza na siku mbili mbele na mbili nyuma. Uangalie pia mpaka wa msimu. Kampuni huwa na tarehe ambapo bei ya msimu wa juu inaanza na kuisha, na mara nyingi kinachohesabiwa ni siku ya kuondoka nyumbani. Kusogea siku chache kunaweza kukuvusha mpaka huo, na mtu wa ajansi anaweza kuusoma kwenye skrini yake. Mwombe ausome mbele yako.

Kufuta kumbukumbu za simu hakudhuru, lakini hakuleti bei. Mwanao ameona bei ikipanda alipoangalia mara ya pili, na mara nyingi sababu ni kwamba ukurasa wa kwanza ulionyesha bei ya jana, au daraja limejaa katikati. Kwenu ninyi kuna jambo lenye faida kubwa zaidi, na wachache wanalijua. Mkitafuta viti vitatu pamoja, na daraja la chini lina viti viwili tu vilivyobaki, kompyuta haiwapi viwili kwa bei ndogo na cha tatu kwa bei kubwa. Inawapandisha wote watatu. Kwa hiyo tafuta kwanza kwa mtu mmoja, halafu wawili, halafu watatu. Ukiona bei ya mmoja iko chini, mwambie ajansi akate rezervasio mbili, mtu mzima na mtoto katika moja, mtu mzima wa pili katika nyingine, kisha aziunganishe kwa maandishi ili kampuni ijue mko pamoja. Mtoto wa chini ya miaka 12 kwenye kampuni nyingi hulipa karibu asilimia 75 ya nauli, lakini kodi za viwanja zinaweza kuwa sawa na za mtu mzima. Usishangae bei yake isipopungua kwa robo nzima.

Kuna jambo la tarehe ambalo halimo katika orodha za ushauri zilizoandikwa kwa Wazungu, kwa sababu wao wanasafiri kinyume chetu. Ndugu zetu wanaoishi Ulaya wanakuja nyumbani mwisho wa Juni na nusu ya kwanza ya Julai, shule za huko zikifungwa, na wanarudi nusu ya pili ya Agosti. Ndege za kushuka huku zinajaa Julai. Za kupanda kwenda Ulaya zinajaa mwisho wa Agosti. Kwetu shule zinafungwa mwanzoni mwa Julai, kwa hiyo siku za kwanza za mwezi huo familia za hapa nazo zinaondoka kwa pamoja. Ninyi mnapanda katikati ya Julai, wimbi la hapa limeshapita na wale wa kurudi Ulaya hawajaanza. Mnashuka mwisho wa Agosti, wakati wenzenu wanapanda. Tarehe zenu ni nzuri, mama, kuliko mnavyodhani. Angalizo moja: mkipitia Nairobi, kipande cha Ulaya hadi Nairobi kinabeba pia watalii wa Maasai Mara mwezi wa Julai na Agosti. Ndege ya Nairobi hadi Luano ikiwa na viti, ile ya kwanza inaweza kuwa imejaa. Ajansi iangalie vipande vyote viwili.

Na usijifungie kwenye Brussels. Liège ina kiwanja, lakini hicho kinajulikana zaidi kwa ndege za mizigo. Wageni wengi hushukia Zaventem, kiwanja cha Brussels, na kupanda treni, safari ya kama saa moja. Lakini uliza pia bei ya Frankfurt, kwa sababu treni za kasi za Ujerumani zinazokwenda Brussels hupita kiwanja cha Frankfurt na kusimama Liège-Guillemins. Paris nayo ina treni ya kufika Liège. Viza ya Ubelgiji inawaruhusu kuingilia nchi yoyote ya Schengen, mradi Ubelgiji ndiyo mwisho wa safari na barua ya mwaliko mnayo mkononi. Tiketi ya kupitia London, hata ikiwa nafuu vipi, iache kwanza: Uingereza haimo katika Schengen, na mwenye paspoti ya Kongo ana sharti lake la viza ya kupita kule.

Ndola. Ni kweli, kuna siku bei ya Ndola au Lusaka iko chini ya ile ya Luano, na Lusaka ina kampuni nyingi zaidi. Lakini weka hesabu yote mezani. Kuna gari la watu watatu na masanduku hadi Kasumbalesa, karibu kilomita 90. Kuna mpaka wenyewe, na foleni ya malori mnaijua. Kuna gari la upande wa pili, pengine usiku mmoja wa hoteli, na masharti ya kuingia Zambia ambayo lazima muyaulize mapema kwa paspoti zenu. Kisha rudia yote hayo mkirudi, mmechoka na mizigo imeongezeka. Mkichelewa mpakani, ndege haiwangojei, na aliyekosa kipande cha kwanza bila taarifa hufutiwa vyote vinavyofuata, hata kile cha kurudi. Kwa kijana mmoja mwenye begi la mgongoni, tofauti ikiwa kubwa, ningesema aende. Kwenu na mtoto, mimi nisingefanya hivyo kwa dola mia moja za tofauti. Hali ni hiyo hiyo kwa kununua Lubumbashi–Kinshasa peke yake na Kinshasa–Brussels peke yake: ndege ya ndani ikichelewa, kampuni ya pili haina deni kwenu. Tiketi moja inayoanza Luano na kuishia Ulaya inawalinda, na mizigo inakwenda hadi mwisho.

Sasa ile hesabu niliyoahidi. Namba hizi ni za mfano tu, bei ya siku utaiona mwenyewe, na nimewahesabu wote watatu sawa ili iwe rahisi. Tuseme tiketi ngumu, isiyorudishwa, ni dola 1,200. Tiketi laini, inayorudishwa kwa faini ya 150, ni dola 1,450. Ukinunua ngumu leo na viza ikakataliwa, umeweka dola 3,600 hatarini na pengine kitakachorudi ni kodi chache. Ukinunua laini leo, umelipa 750 zaidi kwa jumla, na mkikataliwa mnapoteza 450. Ukingoja viza na bei ikaruka ngazi moja, tuseme dola 100 kwa kila mmoja, umelipa 300 zaidi na hakuna ulichokihatarisha. Kwa akiba ambayo ni moja tu, mimi nachagua njia ya tatu bila kusita. Njia ya pili iwe mpango wa dharura: ikifika katikati ya Mei na konsulati bado iko kimya, hapo nunua laini, kwa sababu kungoja zaidi kutagharimu kuliko faini. Ile ya kwanza ni ya mtu mwenye viza tayari kwenye paspoti.

Ukifika siku ya kulipa, peleka paspoti zenyewe, usipeleke majina kwa simu. Majina yetu ya Kongo yana jina, postnom (jina la pili) na prénom (jina la kwanza), na mashine ya tiketi ina vyumba viwili tu. Mtu wa ajansi akiandika kwa kusikia, anaweza kuacha postnom au kuligeuza kuwa jina la kwanza. Fuata ile mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, yenye alama nyingi za <<<. Kilichoandikwa kabla ya alama mbili za kwanza za << ni jina la ukoo (ukiacha herufi za mwanzo za aina ya hati na nchi), kilichofuata ni mengine, na tiketi iandikwe hivyo hivyo. Kisha kabla hujatoka ofisini omba nambari ya tiketi. Msimbo wa herufi na tarakimu sita ni rezervasio, si tiketi. Tiketi iliyolipwa ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za kampuni: 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways, 082 ni Brussels Airlines. Ingia kwenye ukurasa wa kampuni kwa simu yako, hapo hapo kaunta, uone majina yenu yamethibitishwa. Aliyekula pesa yako bila kutoa tiketi atakuonyesha msimbo huo wa herufi sita na kukuambia nambari inakuja kesho. Usiondoke. Risiti iandikwe kwa dola ulizolipa, na iseme kama Go Pass, ile ada ya abiria ya RVA (shirika la viwanja vya ndege), imo au haimo, kwa maana kwa safari ya nje kwa miaka mingi imekuwa dola 50 kwa kila kichwa, na watatu ni 150.

Mambo mengine hayafai kumalizwa kwa barua. Kama mmoja wenu ameshawahi kukataliwa viza, au jina kwenye paspoti halilingani na la cheti cha ndoa au cha kuzaliwa cha mtoto, nenda konsulati au kwa mwanasheria kabla ya kupeleka faili, maana kosa hilo likiingia ndani ni gumu kulitoa. Kama mume wako hatapata konje na utasafiri na mtoto peke yako, ulizia ana kwa ana karatasi ya ruhusa ya baba, ihalalishwe wapi na iwe katika lugha gani. Na mkikataliwa, Mungu aepushe, barua ya kukataliwa inaeleza sababu na njia ya rufaa. Kwa Ubelgiji muda wake ni siku 30 tangu mpokee. Ikiwa wakati huo mmeshanunua tiketi laini, beba barua hiyo hadi ajansi siku hiyo hiyo na mfute safari kabla ya tarehe ya kuruka. Ndege ikishaondoka bila ninyi na bila taarifa, hata tiketi laini inaweza kupoteza haki ya kurudishiwa pesa.